Star Analyser 100 kwenye darubini ndogo: kioo hakina neno, kazi iko kwenye umbali na fokasi

Star Analyser 100 ni gretingi, yaani kioo chenye mistari myembamba inayotawanya nuru katika rangi zake, mistari 100 kwa kila milimita, iliyofungwa ndani ya pete ya kichujio cha kawaida cha inchi 1.25. Inatengenezwa na kampuni ya Paton Hawksley ya Uingereza. Haina mota, haihitaji umeme, wala hakuna skrubu ya kurekebisha. Unaikaza kwenye pua ya kamera kama kichujio kingine chochote, unaelekeza darubini kwenye nyota, na picha inarudi na vitu viwili: nukta ya nyota yenyewe na, pembeni yake, utepe mrefu unaoanzia zambarau na kuishia nyekundu. Utepe huo ndio spektra, na mistari myeusi au angavu inayoukata, ambayo kwenye grafu huwa mabonde na vilele, ndiyo inayopimwa.

Tuanze na hukumu. Kwa mwenye darubini ya sentimita 8 hadi 25 na kamera ambayo tayari anayo, hakuna njia nyepesi zaidi ya kupata spektra za nyota zinazoweza kupimwa, si kutazamwa tu. Mistari ya gretingi imechorwa kwa mteremko maalumu unaosukuma sehemu kubwa ya nuru upande mmoja, kwa hiyo spektra ya upande huo inang'aa kuliko ya upande wa pili. Gretingi za bei chee za plastiki huigawa nuru pande zote mbili, na nusu yake inapotea bure. Malalamiko yanayosikika mara kwa mara kuhusu kifaa hiki (spektra imefifia, mistari haionekani, vipimo havilingani) karibu yote chanzo chake ni umbali kati ya gretingi na sensa, au fokasi. Ndiyo maana maelezo mengi hapa yako kwenye mambo hayo mawili.

Umbali

Gretingi hutawanya nuru kwa pembe zisizobadilika, hivyo sensa ikikaa mbali zaidi, spektra inarefuka. Hesabu yake ni fupi: ukubwa wa pikseli kwa mikromita, mara 100,000, gawanya kwa umbali uliogeuzwa kuwa mikromita. Jibu ni idadi ya angstromu (kipimo cha urefu wa wimbi la nuru) kwa kila pikseli. Angstromu 10 ni sawa na nanomita 1. Kamera ya pikseli za mikromita 3.75, gretingi ikiwa milimita 50 mbele ya sensa, inatoa 7.5. Yenye pikseli za 2.9 inafika 7.25 kwa milimita 40 tu.

Lenga kati ya 7 na 10. Ukiikaza gretingi moja kwa moja kwenye pua ya kamera bila ringi ya kuongeza umbali, mara nyingi utajikuta juu ya 15, na hapo mistari iliyokaribiana inaungana kuwa bonde moja pana. Ringi za kuongeza umbali za inchi 1.25 zinamaliza tatizo, ila angalia mambo mawili. Kwanza, kwenye darubini ya vioo ya aina ya Newton, ringi zikibaki nje ya bomba la fokasi kamera inasukumwa nyuma na huenda isifike kwenye fokasi kabisa. Zipange ili zizame ndani ya bomba. Pili, spektra lazima ienee kwenye sensa. Kwa milimita 50, kutoka nukta ya nyota hadi angstromu 7600 ni milimita 3.8. Sensa ya upana wa milimita 4.8 inatosha, mradi nukta ikae karibu na ukingo. Ukiiweka katikati, nyekundu yote inaangukia nje.

Usihangaike kupima umbali kwa rula, maana sensa imejificha ndani ya kamera. Piga picha ya Vega au Shira, yaani Sirius, hesabu pikseli kutoka kwenye nukta hadi kwenye mstari mzito wa hidrojeni uitwao Hβ, ulioko kwenye buluu-kijani, kisha gawanya 4861, urefu wake wa wimbi kwa angstromu, kwa idadi hiyo. Ukihesabu pikseli 600, una angstromu 8.1 kwa pikseli, na kwa kamera ya mikromita 3.75 umbali wako wa kweli ni milimita 46.3. Hapo unajua uongeze ringi au upunguze.

Sasa, mbona usiweke umbali wa milimita 100 upate maelezo zaidi? Kwa sababu kifaa hiki hakina mwanya, yaani ufa mwembamba wa kupitishia nuru ya nyota pekee. Kinachoamua unene wa kila mstari ni ukubwa wa taswira ya nyota kwenye sensa. Darubini ya umbali wa fokasi milimita 1000, hewa ikitikisa nyota kwa sekunde 3 za tao (kipimo kidogo cha pembe angani), inatoa nukta ya mikromita 14.5. Gretingi ikiwa milimita 50, hiyo ni angstromu 29. Darubini ya milimita 2000, hewa ileile, nukta inakuwa mikromita 29 na mstari unanenepa hadi angstromu 58. Hapa darubini fupi inashinda ndefu, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kupiga picha za sayari.

Lakini darubini fupi ina kodi yake. Gretingi imewekwa kwenye nuru inayokusanyika, na miale ya pembeni inatawanywa tofauti kidogo na ile ya katikati. Matokeo ni ukungu unaoitwa koma, ambao upana wake wote, ukigawanywa kwa urefu wa wimbi, ni 3 ikigawanywa kwa zao la 8 na f kipeo cha pili, f ikiwa ni umbali wa fokasi wa darubini uliogawanywa kwa kipenyo chake. Kwa f/5 ni asilimia 1.5, yaani hadi angstromu 90 kwenye angstromu 6000. Kwa f/10 ni kama angstromu 22. Nuru nyingi hukusanyika kwenye sehemu ndogo ya upana huo, kwa hiyo hali si mbaya kama tarakimu zinavyosema, ila angalia kwamba umbali haumo kwenye hesabu hiyo. Ukiongeza umbali, koma haipungui hata chembe. Unaendelea tu kuitandaza nuru ileile kwenye pikseli nyingi zaidi na picha inajaa chenga. Kwa mizani hiyo, f/6 hadi f/8 ndipo pazuri, na matarajio ya haki ni uwezo wa kutenganisha wa R 100 hadi 200 (R ni urefu wa wimbi uliogawanywa kwa tofauti ndogo kabisa inayoonekana). Anayekuahidi zaidi ya hapo kwa gretingi tupu kwenye darubini ya kawaida hajapiga hesabu.

Ipo njia ya kuikwepa koma: kuiweka gretingi mbele ya lenzi ya kamera, bila darubini. Nuru inayoingia hapo iko sambamba, na lenzi ya milimita 85 yenye kamera ya pikseli za mikromita 4.3 inatoa angstromu 5 kwa pikseli, mistari ikiwa mikali. Kasoro yake ni kwamba gretingi yenyewe ndiyo inakuwa dirisha la nuru, dogo mno, kwa hiyo utabaki na nyota angavu.

Fokasi

Hapa ndipo spektra nyingi zinapoharibika bila mtu kujua. Fokasi ya nukta na fokasi ya spektra haziko mahali pamoja. Kwa umbali wa milimita 40, nuru ya Hα, mstari mwekundu wa hidrojeni kwenye angstromu 6563, inafikia fokasi takriban milimita 0.26 mbele zaidi, kuelekea gretingi, kuliko nukta. Ile ya angstromu 4000 ni milimita 0.1. Kwa hiyo ukiikaza nyota mpaka iwe nukta kali, kama ulivyozoea, umeshaiharibu spektra.

Utaratibu unaofanya kazi: chagua nyota ya aina A, zile nyeupe zenye mistari mizito ya hidrojeni (Vega, Shira, Altair), ipate nukta kwanza kwa makadirio, kisha isahau. Vuta picha hadi uone eneo la Hβ na Hγ, zungusha fokasi polepole mpaka mistari hiyo iwe myeusi na myembamba kuliko kote, ukipita kidogo na kurudi. Nukta itaonekana imevimba. Iache. Programu ya RSpec, ambayo ni ya kulipia, inachora grafu papo hapo kamera ikiendelea kupiga, na kwa kazi hii moja inasaidia sana: unatazama kina cha bonde la Hβ badala ya kukisia kwa jicho. Ukitaka kupima Hα tu, rekebisha fokasi kwa ajili ya eneo la nyekundu.

Darubini ya lenzi ya bei nafuu huleta shida nyingine. Lenzi zake hazileti zambarau na nyekundu kwenye fokasi moja, na spektra inafunguka upande wa zambarau kama mkia wa samaki. Chini ya angstromu 4300 usitegemee kitu. Darubini ya vioo haina tatizo hili.

Kupiga picha

Zungusha gretingi au kamera mpaka spektra ilale sambamba na safu za pikseli, nukta kushoto, nyekundu kulia. Kisha zungusha kamera nzima kwenye bomba ili spektra ielekee kaskazini–kusini angani. Sababu ni ya kimakanika: stendi nyingi zenye mota hukosea upande wa mashariki–magharibi, na kosa hilo likiwa sambamba na spektra linapaka mistari matope. Likiikata spektra kwa pembe mraba, linaipanua tu kwenda juu na chini, na upana huo hauna madhara, utajumlishwa baadaye. Hata darubini isiyo na mota inaweza kutumika hivyo kwa nyota angavu: piga video fupi, nyota itiririke yenyewe.

Nuru ya nyota iliyokuwa kwenye pikseli chache sasa imetandazwa kwenye pikseli karibu 500, kwa hiyo muda wa kupiga lazima uongezeke sana. Kilele cha spektra kisivuke theluthi mbili ya uwezo wa sensa. Nukta ikijaa si hoja kubwa, ila itakapotumika kama alama ya sifuri, piga na picha chache fupi ambamo haijajaa. Piga picha za giza, darubini ikiwa imefunikwa, kwa muda uleule na joto lilelile. Usipige nyota ikiwa chini ya nyuzi 45 kutoka upeo wa macho kama una hiari, maana hewa yenyewe huanza kutawanya rangi na kula buluu.

Kamera isiyo ya rangi ni bora. Ya rangi inafanya kazi, lakini vichujio vyake vidogo vinaacha mawimbi-mawimbi kwenye grafu ambayo mgeni huyadhania kuwa mistari ya nyota. Kamera ya kawaida ya picha ina kichujio kinachokata infraredi, na kichujio hicho hukata pia sehemu kubwa ya Hα. Chembe ya vumbi kwenye sensa nayo hujifanya mstari. Jaribio lake ni rahisi: sogeza nyota pikseli 50. Mstari wa kweli unahama pamoja na nukta. Vumbi linabaki palepale.

Kutoka picha hadi grafu

Programu za bure zipo: BASS Project, ISIS ya Christian Buil, na Demetra ya Shelyak. Hatua ni zilezile kwa zote. Ondoa giza, panga picha juu ya nyingine, inyooshe spektra ilale bila mteremko, toa mwanga wa anga kwa kupima ukanda wa juu na wa chini yake, jumlisha kila safu wima. Sasa una grafu ya nuru dhidi ya pikseli.

Ili pikseli ziwe angstromu, alama mbili zinatosha. Ya kwanza ni nukta ya nyota, ambayo ni sifuri. Ya pili ni mstari unaoujua: Hβ 4861, Hα 6563, au lile bonde la oksijeni ya hewa yetu karibu na 7600, ambalo lipo kwenye kila nyota kamera ikiwa haina kichujio cha infraredi. Mstari ulionyooka kati ya sifuri na Hα unakosea takriban angstromu 5 eneo la zambarau, chini ya pikseli moja, kwa hiyo hakuna haja ya hesabu za mikunjo. Umbali usipoguswa, kipimo hicho kinatumika kwa nyota zote za usiku huo. Kinachohama ni sifuri tu. Huu ndio uzuri mkubwa wa kufanya kazi bila mwanya, na haupewi sifa inayostahili: kila picha inakuja na alama yake ya sifuri.

Halafu rekebisha mwitikio wa kifaa, hatua ambayo wengi huiruka. Kila sensa ina rangi inazozipenda, na grafu ghafi ya Vega inaonyesha kilele kwenye kijani ambacho Vega haina. Gawanya grafu yako ya Vega kwa spektra ya kiwango ya nyota ya A0V, aina ya Vega yenyewe, kutoka maktaba ya Pickles (mkusanyiko wa spektra za nyota), ondoa mabaki ya mistari, lainisha, na utumie mkunjo huo kugawanya nyota nyingine zilizopigwa kwenye kimo kinachokaribiana. Ukishamaliza, kata kila kilicho zaidi ya angstromu 7500. Kuanzia hapo zambarau ya spektra ya daraja la pili (nakala iliyotawanywa maradufu) inaanza kupanda juu ya nyekundu ya daraja la kwanza.

Unachokipata

Nyota za aina A zinatoa mfululizo wote wa hidrojeni: 6563, 4861, 4340, 4102, na mingine ikizidi kusongamana kuelekea zambarau. Ibuti la Jauza, yaani Betelgeuse, inatoa ngazi za oksidi ya titani, na hapo hata asiye mtaalamu anaona kwamba ni nyota baridi. Nyota za kaboni kama Y Canum Venaticorum zina mabonde makali karibu na 4737, 5165 na 5636. Kifaa kinang'ara zaidi kwenye nyota zenye mistari ya mng'ao, kwa sababu kilele chembamba juu ya usuli hafifu hakifichiki kwa urahisi. Gamma Cassiopeiae na P Cygni zinaonyesha Hα iliyosimama juu. Kwa walio kusini, Eta Carinae, na Gamma Velorum ambayo ndiyo nyota angavu kuliko zote za aina ya Wolf-Rayet (nyota za moto mno zinazopuliza gesi nyingi): kaboni karibu na 4650, 5696 na 5805, vilele vipana vinavyopimika kwa picha chache tu. Uranus na Neptuni zina mabonde ya methani karibu na 5430, 6190 na 7270.

Nova na supanova ndizo kazi za maana zaidi. Supanova ya aina ya Ia inatambulika kwa bonde la silikoni ambalo mahali pake pa kawaida ni 6355 ila linaonekana karibu na 6150, kwa kuwa gesi inatujia kwa kasi ya kilomita maelfu kwa sekunde. Bonde ni pana, na R 100 inatosha kabisa. Hata kwasa (kiini king'aacho mno cha galaksi ya mbali) 3C 273, ileile ambayo Maarten Schmidt aliitambua mwaka 1963, iko karibu na magnitudi 12.9, Hβ yake imehamia karibu na 5630, na watazamaji wasio wa kulipwa wameshaupima uhamaji huo kwa gretingi hii. Itakubidi upige picha nyingi na uzipange kwa uangalifu.

Inapogota

Kasi za kawaida za nyota, sahau. Angstromu 10 kwenye Hα ni kilomita 457 kwa sekunde, wakati nyota nyingi zinakwenda makumi tu. Mistari miwili ya natriamu, 5890 na 5896, ni mmoja hapa. Nebula pana inakuwa ukungu, ingawa nebula ndogo za sayari hutoa madoa yaliyopangana, doa kwa kila mstari, na hiyo si haba. Kwenye kundi lenye nyota nyingi, spektra zinapandana; zungusha kamera hadi njia iwe wazi. Kwenye anga lenye taa nyingi, mwanga wa anga yote unaangukia spektra yako kwa sababu hakuna mwanya wa kuuzuia, na nyota hafifu zinazama mapema.

Matatizo hayo yakikubana, hatua inayofuata ni spektrografu yenye mwanya. Alpy 600 ya Shelyak inafika R 600 hivi na ina moduli za kuongozea na za taa za kupimia. Lhires III ya kampuni hiyohiyo, ikiwa na gretingi ya mistari 2400, inafika R 17,000 na inaweza kupima kasi. Zote mbili zinadai stendi imara na nyota kukaa kwenye mwanya wa makumi machache ya mikromita muda wote, jambo ambalo ni kazi mpya kabisa. Anayeanza moja kwa moja huko bila kujua mwitikio wa kifaa ni nini atapata tabu mbili kwa pamoja.

Swali la mwisho ni kati ya 100 na 200. Star Analyser 200 ina mistari maradufu, hivyo nusu ya umbali inatoa mtawanyiko uleule. Inafaa pale ambapo gretingi lazima ikae kwenye gurudumu la vichujio, milimita 20 tu kutoka kwenye sensa: kwa pikseli za 3.75 ile ya 100 inatoa 18.75, hii 9.4. Lakini kwa mtawanyiko uleule, tofauti ya fokasi kati ya nukta na spektra inakuwa mara mbili, kwa hiyo nukta inavimba zaidi na ncha mbili za spektra haziwi kali kwa pamoja. Kama una nafasi ya milimita 40 hadi 50 mbele ya sensa, chukua ya 100.